Moshi wa gari kuukuu: tusiuchezee

Ni mara ngapi umeshuka kwenye gari la abiria kichwa kikikugonga na moyo ukichafuka, ukadhani ni kona za barabara tu? Mwezi huu tunapenda kuzungumzia moshi wa magari ya zamani. Familia nyingi za Karagwe na Kyerwa husafiri kwa vipanya vya siku nyingi, na baadhi zinavyo vyao vya kubebea abiria, ndizi na kahawa.

Wakati fulani tulipanda kipanya kutoka Kaisho kwenda Omurushaka. Mvua ilikuwa ikinyesha, madirisha yote yamefungwa. Mlango wa nyuma haukufunga vizuri kwa sababu ya mikungu ya ndizi, ukafungwa kwa kamba. Mtoto aliyekaa kiti cha nyuma alitapika, kisha akasinzia. Mama yake alidhani amechoka, lakini tulipomwita aliitika kwa shida. Tukamsimamisha dereva, tukamtoa mtoto nje, na baadaye akapelekwa kutibiwa. Alipona. Fundi alipoingia chini ya gari alikuta bomba la ekzosi limetoboka chini ya viti vya nyuma.

Masega ni nini?

Magari mengi ya petroli ya miaka ya karibuni yana chombo kwenye bomba la moshi ambacho mafundi hukiita masega, kwa kuwa ndani kina vitundu kama sega la nyuki. Vitundu hivyo vimepakwa madini ya thamani kama platinamu, nayo huibadili sehemu kubwa ya hewa yenye sumu kabla haijatoka nje. Petroli yenye risasi huharibu masega. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006.

Vipanya vingi vya zamani havikuwekewa masega kiwandani. Vingine vilikuwa nayo, yakaziba au yakang'olewa na kuuzwa. Kufunga masega kwenye injini ya kabureta si dawa ya haraka, kwani yanahitaji petroli na hewa vichanganyike kwa kipimo sahihi. Kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo azidishe uangalifu.

Sumu isiyonuka

Hewa inayoua upesi huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili ukakosa hewa safi huku mtu akiendelea kupumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi mzito. Watoto, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo huathirika zaidi. Ndiyo sumu ile ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi.

Injini ya dizeli hutoa kidogo hewa hiyo, lakini hutoa masizi mengi yanayoingia mapafuni. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu.

Tufanye nini?

1. Bomba la ekzosi likaguliwe lote mara kwa mara, hasa kwenye maungio. Barabara mbovu hulilegeza. Mwisho wake utokeze nje ya bodi, usiishie chini ya viti.

2. Gari lisiende mlango wa nyuma ukiwa wazi. Upepo huuvuta moshi na kuurudisha ndani. Matundu ya sakafu yazibwe.

3. Tusome rangi ya moshi. Mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri: angalia chujio la hewa, kabureta au nozeli. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto waweza kuwa maji yanayoingia kwenye injini.

4. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache.

5. Stendi, dereva azime injini wakati wa kungoja abiria. Nasi abiria tusione haya kumwomba.

Mtu akizidiwa

Zimeni injini, fungueni milango, mtoeni mgonjwa kwenye hewa safi na kumlegezea nguo. Kumnywesha maziwa hakuondoi sumu hii, na aliyezimia anaweza kupaliwa. Mwahisheni hospitali yenye oksijeni, hata kama anaonekana kupata nafuu, na mwelezeni mganga kwamba alivuta moshi. Wengine waliokuwa garini nao wapimwe.

Wazazi, mtoto akisinzia safarini mwamsheni mara moja moja na kumsemesha. Na wenye magari, kuchomea tundu la bomba hugharimu kidogo sana. Msingoje hadi abiria aanguke.