Cheti Kisilale Kabatini

Kila mwaka mabinti wetu huhitimu shahada za baiolojia, kisha vyeti vikalala kabatini kwa kuwa nyumbani hakuna ajuaye mlango wa kubisha. Ilhali mlango u karibu: Kilifi, ambako KEMRI na Wellcome Trust wameshirikiana tangu 1989 katika utafiti wa malaria na maradhi mengine, na kuwalea watafiti vijana hadi shahada ya uzamivu.

Mwanafunzi ahudhurie mihadhara, asome kazi za watafiti, kisha awaandikie kwa adabu akiomba mafunzo ya kazini. Kujuana huku si upendeleo. Ni kujulikana kwa bidii.

Nasi wazazi tusimzuie binti kwa hofu. Tumsindikize, tuyaone makazi yake, tutulie juu ya stara yake, kisha tumwombee dua.