Mafuta ya zeituni: bei yaporomoka, mnunuzi apumua, mkulima wa milimani abaki na deni

Mwanzoni mwa mwaka 2024, aliyeingia katika baadhi ya maduka makubwa ya vyakula nchini Uhispania alikuta jambo la kushangaza kwenye rafu ya mafuta. Madumu ya lita 5 ya mafuta ya zeituni yalikuwa yamefungwa mnyororo. Chupa za lita moja zilikuwa zimevishwa kifaa cha kuzuia wizi, kile kile kinachowekwa kwenye pombe kali na manukato. Katika nchi inayozalisha mafuta hayo kuliko nchi nyingine yoyote duniani, lita moja ilikuwa imepita euro 9, na mahali pengine hata euro 10.

Mwaka mmoja baadaye hali iligeuka. Kilo moja ya mafuta ya daraja la juu, ambayo mwezi wa kwanza 2024 iliuzwa karibu euro 9 kwenye viwanda vya Jaén, kusini mwa Uhispania, ilikuwa karibu euro 4 katika miezi ya kwanza ya 2025. Zaidi ya nusu ya bei ilikuwa imeyeyuka.

Kwa mama wa nyumba wa Madrid, au kwa familia ya Kikongo inayoishi Brussels na kufanya manunuzi ya mwisho wa mwezi, hiyo ni habari njema. Kwa mkulima ni kinyume chake. Na habari hizo mbili hazikufika siku moja: mkulima alipata pigo mara moja, mnunuzi akapata nafuu polepole, tena nusu nusu.

Mvua iliyokosekana, mvua iliyorudi

Mti wa zeituni unavumilia kiangazi, lakini hauvumilii kila kitu. Huchanua mwezi wa tano, na joto kali likiupiga wakati huo, maua huanguka kabla ya kufunga matunda. Ndivyo ilivyotokea Uhispania mwaka 2022, na tena 2023, juu ya ukame uliokuwa umekwisha kupunguza maji ya mabwawa.

Matokeo yake yalionekana viwandani. Msimu wa 2021–2022 Uhispania ilikamua karibu tani milioni 1.5 za mafuta. Msimu uliofuata ilipata tani 665,000 hivi, chini ya nusu. Msimu wa 2023–2024 haukuwa bora sana, kwani ulitoa takriban tani 850,000. Kwa kuwa nchi hiyo peke yake hutoa karibu nusu ya mafuta ya zeituni ya dunia katika mwaka mzuri, hakukuwa na nchi nyingine ya kuziba pengo hilo. Akiba za maghalani zikaisha, bei ikapaa.

Kisha mvua ikarudi. Mavuno ya 2024–2025 yalifika tani milioni 1.4. Uturuki na Tunisia nazo zilivuna sana. Wanunuzi wakubwa, yaani kampuni zinazojaza chupa na kuzipeleka madukani, walijua kwamba mafuta yanakuja, na hawakuwa na haraka tena. Bei ilianza kushuka hata kabla nyavu hazijatandikwa chini ya miti.

Vyama vya wakulima vya Uhispania vililalamika kwamba anguko lilikuwa kubwa kuliko mavuno yenyewe. Hoja yao ilikuwa kwamba maghala yalikuwa karibu matupu na walaji walikuwa wanarudi, hivyo mafuta yangepata wateja bila kutupwa bei. Lakini mkulima mwenye deni la mbolea na mshahara wa vibarua hawezi kungoja kama anavyongoja mwenye kiwanda cha chupa. Anayekamua mawese Maniema au Tshopo hahitaji kuelezwa jambo hilo: siku kila mtu ana bidoni mkononi, mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Bei nzuri ilimkuta na ghala tupu

Kuna kosa ambalo watu wengi walilifanya walipoona euro 9 kwa kilo. Walidhani wakulima wa zeituni wametajirika. Wengine kweli walifaidika, hasa wenye maji ya kumwagilia, ambao miti yao iliendelea kuzaa wakati ya jirani imekauka. Lakini sehemu kubwa ya mashamba ya zamani ya Andalusia hutegemea mvua peke yake, na mkulima wa namna hiyo alikuwa na bei bila kuwa na mafuta.

Chukua mfano wa hesabu tu. Mkulima aliyepata mafuta ya kilo 500 katika mwaka wa ukame, akayauza euro 9, aliingiza euro 4,500. Mvua iliporudi akapata kilo 1,000, lakini akauza kwa euro 3.5. Ameingiza euro 3,500. Amevuna mara mbili, amelipa vibarua siku nyingi zaidi, amesafirisha mzigo mzito zaidi, na bado ameshika fedha pungufu.

Jimbo la Jaén lina miti ya zeituni zaidi ya milioni 60. Mingi iko kwenye miteremko mikali ambako trekta haipandi vizuri. Pale zao huvunwa kwa kupiga matawi kwa fimbo ndefu au kutikisa shina kwa mashine ya mkononi, huku nyavu zikiwa zimetandikwa chini. Ili kupata kilo moja ya mafuta zinahitajika karibu kilo 5 za matunda. Ni kazi ya mgongo, na gharama yake ni watu.

Mbali kidogo, kwenye tambarare za Uhispania na katika eneo la Alentejo nchini Ureno, ambako bwawa kubwa la Alqueva hutoa maji, zeituni hupandwa siku hizi kwa safu zilizobanana kama ua wa michongoma. Mashine moja hupita juu ya safu na kuvuna bila fimbo wala nyavu. Kuzalisha kilo ya mafuta kwenye mteremko kunaweza kugharimu mara mbili au zaidi ya kuizalisha kwenye shamba la namna hiyo. Bei ikiwa euro 9, wote wawili wanaishi. Bei ikishuka karibu na euro 3, mwenye mashine bado anapata kitu, na mwenye fimbo anafanya kazi ya hasara. Sokoni mafuta yao yanaingia kwenye tangi moja.

Kibarua naye ana hesabu yake, na mara nyingi husahauliwa. Kila mwaka kuanzia mwezi wa kumi, watu kutoka Moroko, Senegal, Mali na kwingineko huenda Jaén kutafuta kazi ya kuvuna. Wao hawauzi mafuta, wanauza siku zao. Mwaka wa bei ya juu ulikuwa mwaka mbaya kwao, kwa sababu hakukuwa na matunda ya kuvuna. Mwaka wa bei ya chini ulirudisha siku za kazi. Ndiyo sababu mtu akisema tu kwamba kupanda kwa bei ni kuzuri kwa mashambani, anastahili kuulizwa: kwa nani hasa?

Safari ndefu hadi kwenye rafu

Mnunuzi wa dukani aliposikia kwamba bei imeanguka kwa zaidi ya nusu, alitazama chupa na kuona imepungua kidogo tu. Hasira yake inaeleweka, ingawa si yote ni hila za wenye maduka.

Kwanza, mafuta yaliyokuwa kwenye rafu mwanzoni mwa 2025 yalikuwa yamenunuliwa miezi kadhaa nyuma, kwa bei ya zamani. Pili, bei ya kiwandani ni ya mafuta matupu. Chupa, karatasi ya jina, lori, faida ya duka na kodi havishuki kwa sababu mvua imenyesha Andalusia. Tatu, kodi yenyewe ilibadilika: serikali ya Uhispania ilikuwa imepunguza kodi ya mauzo ya mafuta ya zeituni kutoka asilimia 10 hadi 5 mwaka 2023, ikaiondoa kabisa katikati ya 2024, kisha ikairudisha kidogo kidogo hadi asilimia 4 mwezi wa kwanza 2025.

Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba bei ilipokuwa inapanda, maduka hayakungoja akiba ya zamani iishe ndipo yabadilishe vibandiko. Kupanda kulikuwa kwa haraka. Kushuka kulichukua miezi.

Na wakati huo tabia za jikoni zilikuwa zimebadilika. Katika nusu ya kwanza ya 2024, Waspania walinunua mafuta ya alizeti kuliko ya zeituni, jambo ambalo wazee wa nchi hiyo hawakutarajia kuliona. Wengi walirudi bei iliposhuka. Mkulima anaogopa wale ambao hawakurudi.

Tunisia: mafuta mengi, fedha pungufu

Pigo lilikuwa zito zaidi upande wa pili wa bahari. Tunisia ni mzalishaji mkubwa wa mafuta ya zeituni barani Afrika, na mashamba ya eneo la Sfax yanajulikana kwa miti iliyopandwa mbali mbali ili kila mmoja upate maji ya mvua kidogo iliyopo. Lakini sehemu kubwa ya mafuta yake husafirishwa bila chupa, ndani ya matangi, kwenda Uhispania na Italia. Huko huchanganywa, hujazwa kwenye chupa na kupewa jina la kampuni ya Ulaya. Umoja wa Ulaya unaruhusu tani 56,700 kwa mwaka kuingia bila ushuru.

Kwa hiyo bei ya Jaén ikianguka, ya Sfax huanguka nayo. Katika msimu wa 2024–2025 Tunisia iliuza nje mafuta mengi zaidi kuliko msimu uliotangulia, na bado ikaingiza fedha pungufu. Serikali ya Rais Kais Saied iliitaka Ofisi ya Taifa ya Mafuta kuingilia kati, na wakulima wakasaidiwa kuhifadhi mafuta wakingoja bei ipande. Kisha mwezi wa nane 2025 Marekani, soko ambalo Tunisia ilikuwa inalitegemea kwa mafuta ya chupa, ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa zake. Bidhaa za Umoja wa Ulaya ziliwekewa asilimia 15.

Italia ilionyesha kwamba jina lina thamani yake. Katika nusu ya kwanza ya 2025, mafuta ya Uhispania yalipokuwa chini ya euro 4, mafuta yaliyothibitishwa kuwa ya Italia tupu yaliuzwa kiwandani zaidi ya euro 9 kwa kilo. Mavuno ya Italia yalikuwa madogo, na Puglia bado inalia miti iliyouawa na bakteria ya Xylella tangu 2013. Lakini tofauti ya zaidi ya mara mbili haitokani na uchache peke yake. Imo pia ndani ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, kitu ambacho tangi la Tunisia halina.

Wakongo wameona jambo linalofanana na hilo la kuhifadhi. Mwezi wa pili 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, na baadaye ikaweka viwango kwa kila kampuni. Kobalti ikikaa ghalani haiharibiki. Mafuta ya zeituni hupoteza ladha na ubora, na baada ya mwaka mmoja na nusu hivi hayauzwi tena kwa bei ya mapya. Uhispania nayo iliandaa kanuni ya kuweka kando sehemu ya mafuta mavuno yakizidi, lakini dawa hiyo ina muda wake.

Na kwenye rafu za Kongo?

Lubumbashi, Bukavu au Kinshasa, mafuta ya zeituni si ya kukaangia. Kazi hiyo ni ya mawese na mafuta meupe. Zeituni hununuliwa katika chupa ndogo: ya kupaka mtoto, ya nywele, ya saladi kwa wenye uwezo, na kwa waumini wengi ya maombi. Chupa ndogo imebeba gharama za safari, ushuru na faida ya kila mkono uliopitia, kwa hiyo anguko la Jaén linafika hapa likiwa limechoka sana.

Kilichofika bila kuchelewa ni hatari ya udanganyifu. Bei ilipokuwa juu, nchi za Umoja wa Ulaya ziliripoti visa vingi kuliko kawaida vya mafuta yaliyochanganywa au kuandikwa jina lisilo lake. Mnunuzi asome kibandiko, hasa maandishi madogo. « Huile d'olive vierge extra » ni mafuta yaliyokamuliwa moja kwa moja kutoka kwenye tunda. « Huile de grignons d'olive » hutolewa kwenye makapi kwa kutumia kemikali, kisha husafishwa. Ni halali na yanaliwa, lakini ni ya bei ya chini, na hayapaswi kulipiwa kama yale ya kwanza.

Huko Jaén, baada ya mavuno huja kazi ya kupogoa, na hapo ndipo bei inaamua kitu kisichoonekana dukani. Mwenye shamba la mteremko hutazama mti mmoja mmoja na kujiuliza kama unalipa gharama ya msumeno, mbolea na mtu wa kupanda hadi pale. Mti usiopogolewa hauanguki. Unaota machipukizi shinani, unazaa kidogo mwaka hadi mwaka, na kilima kinaanza kurudi kuwa pori.