Kupunguza Madhara ya Ulevi, na Haja ya Tarime na Serengeti

Zitajwapo dawa za kulevya mbele ya mtu wa Tarime au Serengeti, aghalabu fikira zake huenda kwenye bonde la Mto Mara, ambako bangi hupandwa ikafichwa katikati ya mahindi, kisha askari wakaja wakaing'oa, wakairundika na kuitia moto; ama yule aivutaye, ambaye moto ule haukumgusa wala haukumponya, habari zake hazisikiki ila siku apelekwapo mahabusu.

Matabibu wanayo njia waiitayo kupunguza madhara. Njia hii haimhalalishii mtu ulevi, kama wengi wadhanivyo, wala haimtaki aape kuacha leo ndipo apokelewe. Hutazama kwanza ni lipi litakalomuua mapema, ikaliondoa hilo, kwa kuwa maiti hana toba.

Dar es Salaam iliijua haja yake kwa machungu. Vijana walipoacha kuuvuta unga, yaani heroini, wakaanza kujidunga, sindano moja ilizunguka kijiwe kizima, na UKIMWI na homa ya ini zikazunguka nayo. Ndipo mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni. Ni dawa ya maji: mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kisha huambiwa aseme neno, ionekane kwamba ameimeza wala hakuibana kinywani akaiuze nje. Unga hudumu mwilini kwa saa chache, halafu arosto, yaani hali ya kuukosa, humrudia mtu kwa maumivu ya mifupa, makamasi na kuhara, hata akaiba apate kete nyingine; methadoni humtuliza siku nzima, akapata wasaa wa kufanya kazi na kumeza dawa zake za UKIMWI pasipo kuruka.

Lakini tusidanganyane. Methadoni ni tiba ya heroini na jamaa zake. Mvuta bangi haimfai kitu. Tena hunywewa kila siku, ilhali kutoka Tarime hadi kliniki ya Sekou Toure, Mwanza, ni safari ya nusu siku kwa basi. Mvuta bangi huhitaji mshauri wa kuzungumza naye mara kwa mara, na kama hajawa tayari kuacha, walau asivute kabla ya kupanda bodaboda, wala asichanganye na gongo, ile pombe kali ya kienyeji.

Na gongo, kwa rai yangu, ndiyo ingestahili kutangulizwa. Sheria imeipiga marufuku kwa miaka mingi, nayo ingali ikipikwa, bila wa kuipima. Kenya, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, iliiruhusu chang'aa, yaani gongo ya huko, kwa leseni mwaka 2010 ili ipimwe. Hata hivyo Mei 2014 makumi ya watu walikufa huko kwa pombe yenye methanoli, kwani ruhusa ya karatasini haimzuii muuzaji wa kificho.

Sumu hiyo hukawia kudhuru. Mnywaji huamka macho yana ukungu, akadhani ni uchovu wa jana, na hata akishtuka huogopa kwenda kutibiwa asije akaulizwa alikunywa kwa nani. Akiwahi, huweza kuokoka na macho yake yakasalimika. Zahanati itakayotangaza mnadani kwamba mtu wa namna hiyo hutibiwa kwanza, na jina la mpishi haliulizwi, haitahitaji kungoja methadoni ifike.