Si Kila Mwanamke Mlevi Anakunywa kwa Sababu Ileile

Kule Kware, Ongata Rongai, mwanamume akirudi ploti akiyumbayumba majirani humcheka, kesho yake mambo yameisha. Akiyumba mwanamke, atatafutiwa jina, na jina hilo litawafuata hata watoto wake. Ndiyo maana wengi hunywea chumbani, mlango umekomewa. Siri ikifichuka, watu husema kwamba huyu hana adabu. Wanasayansi wa hulka wana jibu jingine.

Uchunguzi wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Wanaume ndio wengi zaidi kwa mbali, na labda ndiyo sababu matibabu mengi yameundwa yakimfikiria mwanamume.

Mwaka 2000, mwanasaikolojia Patricia Conrod wa Kanada na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake pekee, wote wakiwa watumiaji wa pombe au dawa. Badala ya kuwapanga kwa kileo walichotumia, waliwapanga kwa hulka. Kulikuwa na aliyekata tamaa, mpweke asiyeona mbele. Huyu alielekea zaidi kwenye dawa za jamii ya afyuni, na sonona ilimwandama. Kulikuwa na anayeiogopa hofu yenyewe: moyo ukidunda kidogo anadhani anakufa. Kimbilio lake lilikuwa vidonge vya kutuliza wasiwasi, jamii moja na vile wanavyoviita bugizi huko Pwani. Msaka msisimko alipenda pombe. Mwenye pupa, atendaye kabla ya kufikiri, alitegemea zaidi pombe na kokeni. Na kundi la tano halikuwa na hulka yoyote ya hatari, jambo ambalo wahubiri wetu wa maadili wangefaa kulisoma mara mbili.

Kokeni ni ghali mno kwa mpangaji wa kawaida wa Kware. Lakini keg ipo, vichupa vya pombe kali vipo, muguka upo. Muguka, aina ya miraa, una kathinoni, kichangamsho kinachopandisha mapigo ya moyo. Msaka msisimko atakifurahia. Yule anayeogopa hofu atatetemeka usiku kucha, kisha atatafuta pombe ili ashuke apate usingizi. Kesho ataanza upya, na sasa anategemea vitu viwili. Ukimpa hotuba ileile unayompa mwenzake, hujagusa kinachomsumbua.

Mwili nao haumwonei mwanamke huruma. Mwanamke kwa kawaida ana maji machache mwilini kuliko mwanamume wa uzani uleule, na tumbo lake huvunja kiasi kidogo cha pombe kuliko la mwanamume kabla haijaingia kwenye damu. Glasi sawa, kiwango tofauti. Tafiti nyingi za waliofika kutibiwa zimeonyesha pia kwamba wanawake hufikia uraibu na kuhitaji matibabu haraka kuliko wanaume tangu waanze kunywa.

Je, hulka ndiyo hukumu? Hapana. Takriban nusu ya hatari ya uraibu wa pombe hutokana na kurithi. Iliyobaki hutengenezwa na maisha, yakiwemo mateso ya utotoni na mume au mpenzi anayetumia vileo. Uraibu wenyewe pia humfanya mtulivu awe na pupa. Hata hivyo, maisha magumu kama umaskini peke yake hayaelezi kila kitu. Mwaka 2005 Susan Beckerleg na Gillian Lewando Hundt, walioandika kuhusu wanawake watumiaji wa heroini katika Pwani ya Kenya, walionya kwamba kuwaona kama wahanga wa dhiki tu kuna mipaka yake. Nakubaliana nao. Wanawake hawa nao huchagua, na wana sababu zao.

Conrod aliyageuza makundi yake kuwa mafunzo mafupi shuleni, vikao viwili tu, kila kijana akifundishwa kuishi na hulka yake. Majaribio ya London yalipunguza unywaji. Kaunti ya Kajiado, iliko Rongai, ingeweza kuanzia hapo kwa gharama ndogo.

Ukiwa na dada au rafiki anayekunywa kwa kujificha, muulize kwanza pombe inampa nini. Msimlazimishe kuacha ghafla nyumbani ikiwa amekunywa sana kwa muda mrefu au anameza vidonge vya kutuliza wasiwasi; degedege inaweza kumuua. Mpelekeni hospitalini, au pigeni simu ya NACADA, 1192. Haitozwi chochote na hupokelewa saa 24.