Saa za ziada si hisani kwa mwajiri

SAA 12 jioni, karani wa ofisi jijini Dar es Salaam amekwishafunga droo na anawazia foleni ya daladala. Mara bosi anatokea na jalada: “Malizia hili kwanza.” Anatoka saa 2 usiku. Mwisho wa mwezi saa hizo hazionekani katika mshahara, naye huishia kunung’unika na wenzake.

Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala tisa kwa siku. Zinazozidi hufanywa kwa makubaliano na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Hata hivyo, haziruhusiwi kupita 50 katika wiki nne.

Tatizo kubwa ni ushahidi. Mahali pengi daftari la mahudhurio husainiwa asubuhi. Jioni hakuna anayelitafuta, pengine limeshafungiwa kabatini. Mfanyakazi anayejiandikia tarehe na saa alizotoka huwa na cha kuonyesha mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya malipo hupelekwa huko ndani ya siku 60. Ya kuachishwa kazi, siku 30 tu.