Kwa Nini Programu Hufunguka Kompyuta Moja na Kugoma Nyingine

Kamati za sharika hupokea kompyuta kutoka kwa marafiki wa ndani na wa nje, nyingine zikiwa na umri mkubwa. Swali linalofika ofisini mara kwa mara ni hili: kwa nini programu ya hesabu iliyotumika vizuri kwenye mashine ya zamani hugoma kwenye mpya?

Ndugu zetu wa Kyela wataelewa haraka tukianzia shambani. Mtaalamu huandika programu kwa maneno na alama anazoweza kuzisoma mwenyewe. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Huo ndio mpunga. Kompyuta haiuelewi. Programu nyingine, kompaila, huukoboa na kuugeuza kuwa amri za namba zinazofahamika kwa aina moja ya prosesa. Kisha linka huunganisha amri hizo na vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, kama vile vya kuchapisha au kutunza mafaili. Anayepewa programu iliyokamilika amepewa mchele: anaweza kupika, hawezi kupanda.

Ndiyo maana iliyotayarishwa kwa Windows na prosesa za Intel haifunguki kwenye simu za Android, ambazo nyingi hutumia prosesa za ARM. Hata ndani ya Windows, programu za zamani za biti 16 hazifunguki katika Windows ya biti 64. Mwenye msimbo chanzo hukoboa upya, akirekebisha pale panapogusa mfumo wa mashine. Kompaila ya GCC, iliyotolewa mwaka 1987, huweza hata kukaa kwenye kompyuta moja ikatayarisha programu ya prosesa nyingine.

Mfano wa nyumbani upo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo chanzo wa OpenOffice ulikuwa umefunguliwa kwa wote tangu mwaka 2000.

Kwa hiyo kamati inayomlipa fundi atengeneze daftari la mikopo ya wakulima iandike katika mkataba kwamba atakabidhi msimbo chanzo, jina na toleo la kompaila, na orodha ya vipande alivyoviunganisha. Wafadhili nao waulizie hilo kabla ya kulipa. Fundi akihamia Mbeya, mwingine ataendelea. Bila orodha hiyo, linka hukwama kwa kipande kimoja tu kilichokosekana.