Nani Anasoma Daftari la Gesti?

Ukizama gesti yoyote hapa Urambo, kabla hujashika funguo unasukumiwa daftari. Jina, kabila, unatoka wapi, unaenda wapi, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Kalamu imefungwa uzi ili isitembee na mteja. Na daftari lenyewe limelala wazi kaunta: ukiwa unajaza la kwako unamsoma aliyekutangulia, na atakayekuja nyuma atakusoma wewe.

Mimi nakaa mapokezi gesti moja jirani na stesheni, huu mwaka wa pili. Nawaambia kitu ambacho kila mtu wa mapokezi anakijua: mle ndani kamba ni nyingi kinoma. Mwana katoka mtaa wa pili tu na manzi wake, anaandika Juma Hamisi wa Kahama. Mzee kalipwa hela ya tumbaku, hataki ndugu wajue kalala wapi na mzigo, naye anaandika Juma Hamisi. Kuna wiki nilikuwa na akina Juma Hamisi watatu, na hakuna aliyefanana na mwenzake. Nilikuwa napotezea. Wana wa kijiweni wanasema mteja akilipa, jina ni lake.

Kilichonibadilisha ni Marburg. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza kwamba ugonjwa huo uko Kagera. Mpaka unatangazwa kuisha, Juni 2 mwaka huohuo, walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6. Januari 2025 ukarudi tena, safari hii Biharamulo. Marburg haina masihara, na njia ya kuibana inajulikana: unamtafuta kila aliyetangamana na mgonjwa, unamwangalia siku 21, akianza homa unamwahi. Kazi yote hiyo inaanzia kwenye jina na namba ya simu. Sasa Kagera na huku kwetu ni suala la basi na malori tu, na dereva wa lori analala gesti. Siku ile niliposikia habari za Biharamulo nililifungua daftari langu nikaanza kusoma kurasa za nyuma, moyo unadunda. Mgonjwa akilala namba 4, na wewe unamtafuta aliyelala namba 5, utampigia Juma Hamisi yupi?

Wakubwa wanapenda kusema vijana wa siku hizi hawataki kufuatiliwa. Hapana. Kaa na wana pale stesheni uwasikilize. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole. Tulipanga foleni za NIDA mpaka tarehe ya mwisho ikasogezwa Januari 20, 2020. Kila msela anajua simu yake ni yeye mwenyewe. Nikawahadithia kwamba Kenya mwaka 2020, kipindi cha korona, serikali ilifuatilia simu za watu walioambiwa wajitenge nyumbani. Nilidhani watamaindi. Jamaa mmoja akajibu huku anafuta tangi la pikipiki yake: "Kama watu hawafi, wafuatilie tu. Ila wasimwambie mama mwenye nyumba."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo nataka uishike. Mtu wa kitaa hamwogopi aliyeko Dodoma na kompyuta yake. Anamwogopa mnoko anayemjua mama yake.

Mshkaji wangu mmoja wa bodaboda alirudi kutoka Dar mwaka ule wa korona, anakohoa. Akaenda kupima kama raia mwema. Kabla hajafika geto, kijiwe kizima kimeshajua alikwenda kupima nini. Jioni ile hakudaka kichwa hata kimoja. Watu wanamwona amekaa juu ya pikipiki, wanampita, wanapanda ya nyuma yake. Ilikuwa malaria. Akameza dawa, akapona, lakini abiria hawakurudi, akahamia Kaliua. Kuna mtu alikuwa na jina lake kwenye karatasi na akashindwa kufunga mdomo, basi. Toka siku hiyo, ukiwaambia wana wa pale waende kupima kitu chochote wanakuangalia tu.

Na huku kwetu kumbukumbu ni ndefu. Bibi alisimuliwa na baba yake habari za malale. Miaka ya 1920 na 1930 Waingereza walipambana na malale huku magharibi kwa kuwaondoa watu kwenye mapori ya mbung'o na kuwakusanya kwenye makazi mapya. Malale inaua, sibishi, na kuna waliopona kwa sababu ya mpango ule. Ila watu walihama wakaacha mashamba, makaburi na miembe, na pori likarudi juu yake. Bibi akisimulia, hamtaji mbung'o kwanza. Anaanza na mtu aliyekuja kuhesabu nyumba. Mpaka leo akija mgeni na daftari, hata la chandarua, bibi anauliza mara tatu: mnaandika ya nini?

Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu haya mambo. Bila jibu lake, watu wanakimbia: kuna watu Urambo wanapanda gari mpaka Tabora mjini kuchukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, wakati dawa hizohizo zipo karibu nao. Wanalipa nauli kununua siri. Nauli ikikosekana, dozi inakatika. Hapo hofu ya siri kuvuja imegeuka ugonjwa.

Sheria tunazo. Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nataka ifike kaunta. Likitokea balaa, serikali inipate hata saa nane usiku, namba yangu ichukueni. Ila mniambie mnaichukulia nini, nani ataiona, na siku 21 zikipita mnaifuta lini.

Mimi nimeanza na la kwangu. Nimekata kipande cha manila upana wa daftari, nimekitoboa tundu la mstari mmoja. Mteja anaona mstari wake tu. Akimaliza, daftari linaingia droo yenye ufunguo, na wa kuliona ni mimi, bosi, na askari akija kukagua.

Juzi usiku kaingia dada mmoja, kashuka kwenye treni, begi moja. Kaitazama manila, kanitazama mimi. "Hiki cha nini?"

"Ili wengine wasikusome."

Kaandika polepole. Kwenye simu kaweka namba, akaifuta, akaandika nyingine. "Hiyo ya kwanza sipatikani," akasema. "Hii ndo napokea."

Nikampa funguo ya namba 5.